Tangazo la Mpiga Pasi

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, kazi yake ni kuwatafutia waajiri wafanyakazi. Watu wakimwona na mafaili yake hudhani anawahangaikia wasio na kazi. Wapi! Wagonjwa wake hasa ni waajiri. Wanapanda ngazi hadi chumba chetu kilicho juu ya duka la madaftari, wanajibwaga kwenye kiti, na mimi ninayepokea simu nasikia yote. Mmoja alitaka dereva wa miaka ishirini na mitano mwenye uzoefu wa miaka kumi na mitano. Wifi alimwuliza kwa upole kama huyo dereva alianza kushika usukani darasa la nne.

Basi mwaka jana akaja mzee mwenye duka la dobi, kifundo cha mkono wa kulia kimefungwa bandeji. Alikuwa amepiga pasi miaka thelathini, na sasa mkono umegoma. Daktari alikuwa amempangia upasuaji baada ya wiki tano, na baada ya hapo miezi miwili asiguse pasi. Asipopasuliwa, vidole vitakufa ganzi moja kwa moja. Lakini hakuwa na wa kumwachia duka, maana ndani ya mwaka mmoja wapiga pasi wanne walikuwa wamemkimbia. Alisema wazi kwamba asipopata mtu, hospitali haendi. Watu wa siku hizi, akasema, hawataki kazi.

Wifi hakumwuliza anataka mtu wa namna gani. Alimwomba namba za simu za wale wanne.

Mzee aliona kama ametukanwa, ila alizitoa huku akinung'unika. Wifi akawapigia mmoja mmoja, nami pembeni nimetega sikio kama kawaida yangu. Wote walimsifu: analipa kwa wakati, hatukani, chai ipo. Ila ukimaliza shati, analichukua, hasemi kitu, analipiga pasi upya mbele ya mteja. Mmoja alisema alivumilia miezi miwili, mwishowe akaanza kuota mashati.

Mimi ningemtafutia mtu wa tano tukamalizana. Wifi hana haraka hizo. Kesho yake alikwenda dukani akaomba apige pasi yeye mwenyewe saa moja, eti aijue kazi. Shati la kwanza halijapoa, mzee huyo, kalichukua, kalitandaza tena mezani. Nyani haoni kundule. Wifi akamtazama tu, akaaga, akarudi ofisini kuandika tangazo:

"Anatakiwa mpiga pasi hodari. Mshahara hulipwa kwa wakati. Mwenye duka ana tabia ya kurudia kazi ya mwenzake bila kusema. Anajitahidi kuacha."

Mzee alipoitwa alisome kabla halijabandikwa, alifura, akatupa kisogo, akashuka ngazi nalo mkononi. Nikamwambia wifi kwamba kwa ukweli wake huo tutakufa njaa. Nilikuwa nimekasirika kwelikweli, maana mzee wa watu alikuwa na maumivu yake. Siku mbili baadaye akarudi. Akalitoa tangazo mfukoni, akalinyoosha kwa kiganja.

"Hapa penye 'anajitahidi kuacha'," akasema, "andika 'ameacha'."

"Nitaandika ukishaacha, mzee wangu."

Akacheka bila kupenda, akasema basi libandikwe hivyo hivyo.

Nilidhani hatakuja mtu. Walikuja kumi na mmoja. Wifi akawachuja, akabakiza watatu, akawapa kila mmoja shati jeupe la mikono mirefu walipige pasi nyuma ya pazia. Mashati yakatundikwa bila kutajwa lipi ni la nani, mzee akaambiwa achague, mikono nyuma. Aliyazunguka mpaka jasho likamtoka, akachagua la katikati. Lilikuwa la mama mmoja wa makamo, asiye na maneno mengi, aliyewahi kufanya kazi hiyo hospitalini. Wifi akamwuliza kama ana swali lolote kwa mwajiri.

"Ninalo," akasema yule mama. "Shati likinishinda, utaniambia mimi, au utaliambia shati?"

Mzee akautazama mkono wake wenye bandeji.

"Nitakuambia wewe," akasema.

Kusema ni rahisi. Wiki ya kwanza simu yetu haikupoa. Mzee alipiga akiwa amejificha stoo, akinong'ona kwamba kola ya mteja fulani ina mkunjo. Wifi akamwuliza kama amemwambia mama mwenyewe. Bado. Basi mbona unaniambia mimi, wifi akasema, mimi niko kwenye pasi? Dakika kumi baadaye simu ikalia tena: amemwambia, mama amerekebisha, na hakuna aliyekufa. Mama naye wifi alikuwa akimpigia kila baada ya siku mbili tatu, kumwuliza kama bado anarudiwa. Mara mbili wiki ya kwanza, mara moja wiki ya pili. Mimi miaka yote nilidhani mtu akishaajiriwa kazi ya wifi imekwisha.

Asubuhi ya upasuaji tulimpitia mzee dukani tumsindikize. Tulimkuta kwenye benchi la wateja, amevaa fulana tu, anasubiri. Alikuwa amemkabidhi mama shati lake la kuendea hospitali, yeye ambaye mashati yake hayajawahi kuguswa na pasi ya mtu mwingine, hata ya mkewe. Mama alilinyoosha taratibu, akalitundika kwenye henga, akamletea. Mzee akaikagua kola, akageuza mikono ya shati. Kisha mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukanyanyuka kuelekea pasi. Ukarudi chini.

"Mama," akasema, "hapa kwapani pamebaki mkunjo."

"Lete."

Akampa, akakaa tena kusubiri. Wifi yangu, asiyelia hata msibani, aligeukia ukutani akawa anatafuta leso kwenye mkoba.