Viwashio vya Msusi

Mume wangu hurusha roketi. Si zile za kwenda mwezini, jamani. Ni za karatasi ngumu, urefu wa mkono, na tangu astaafu ualimu wa fizikia ndizo zinazomzuia kushinda Nkubu sokoni akibishana siasa. Nilikuwa nazisema sana. Nyumba nzima gundi! Lakini moyoni nilimpenda kwa hizo hizo.

Viwashio alivitengeneza mwenyewe, kwa waya mwembamba aliochomoa kwenye mashine ya kukausha nywele iliyoungua saluni kwangu. Anauviringa, anauchovya kwenye dawa yake, anauingiza chini ya roketi. Umeme wa betri ukipita, waya unashika moto na roketi inaondoka.

Mwaka jana roketi zikaanza kugoma. Mara waya umekatika, mara ncha zimegusana. "Waya za siku hizi ni takataka," akasema, mkono wa kulia mfukoni. Hata chai alikunywa kwa kushoto. Nikajifanya sioni, nikamwongezea chai. Jioni moja nikamkuta mezani, mkono unatetemeka, waya umemponyoka tena, machozi yanamlenga.

"Nitaziacha, mama watoto. Nitazigawa."

"Uzigawe kwa nani? Hebu sogea huko!" Nilifoka, lakini ilikuwa hofu tu. Nikavuta kiti. "Mkono mmoja haulei mwana, sembuse roketi." Vidole hivi vimesuka nusu ya vichwa vya Nkubu, waya ungenishinda? Ulinishinda, nikautupa. Akaanza kunifundisha pole pole, kama mwanafunzi wake: usibane, acha nafasi. Tukacheka mpaka chai ikapoa.

Jumamosi tukaenda kwao Kianjokoma, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa mahindi. Ukungu ulikuwa umetanda, na kiwashio kikipata unyevu hakiwaki, kwa hivyo nilivifunga vile nilivyosuka kwenye plastiki nikavitia kifuani. Shemeji akauliza, nikilipuka amwambie nini pasta.

"Mwambie nimetangulia mbinguni, na wewe sikukuona huko."

Ukungu ulipopanda, mume wangu akamwagia ardhi maji ili mabua yasishike moto, akasimamisha roketi. Nikaingiza kiwashio, tukarudi nyuma. Ndugu na majirani walikuwa wamejipanga kwenye ua, wanangoja. Akawatazama, akaninyooshea swichi kwa mkono wa kushoto.

"Bonyeza wewe," akaninong'oneza. "Wataona."

"Mimi nimeshasuka. Kubonyeza hakutaki mkono uliotulia."

Nilitamani kumsaidia, Mungu anajua. Nikajizuia. Akautoa ule mkono mfukoni, unatetemeka, akabonyeza.

Kimya. Halafu fyuuu! Roketi ikaruka juu ya miti ya migrevilea, watu wakapiga kelele. "Ile pale! Ile, mnaiona?" akapaza sauti mzee wangu, akiwaonyesha wote kwa mkono wa kulia, ameunyoosha juu kabisa, unatetemeka, na wala hakukumbuka kuuficha.