Zamu ya Bwana Uturuki

Klabu yetu tuliiita Klabu ya Waliovuka, kwa sababu sharti la kuingia lilikuwa moja tu: uwe umevuka. Nairobi hatukuihesabu, wala Kampala. Uwe umefika mahali ambako ukisema "shikamoo" mtu anakukodolea macho. Siku ya kwanza ulionyesha pasipoti mlangoni. Mzee mmoja wa kijiji cha Maji ya Chai, ambaye Waingereza walimpeleka kupigana na Wajapani Bama, yaani Burma, akiwa kijana, hakuwa na pasipoti. Alifungua shati akaonyesha kovu la begani, na nani angembishia?

Majina hatukuitana, tuliitana nchi. Yule mzee akawa Mzee Bama, na ndiye mwenyekiti wetu. Fundi mitambo aliyesomea Bulgaria akawa Ndugu Bulgaria. Mimi ni mwalimu, na kanisa lilikuwa limenipeleka Ujerumani mwaka mzima kwa masomo, basi nikawa Dada Ujerumani, tena katibu, maana nilikuwa na mwandiko mzuri na mdomo kuwashinda wote. Halafu alikuwepo Bwana Uturuki, muuza nguo wa Ngarenaro, Arusha mjini, Mwislamu mpole ambaye wazee wake walitoka Kondoa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni sasa walipanda ndege kufuata suruali, na yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza mjini kwetu kufika Istanbul. Wengine walikuja wakaacha, lakini sisi wanne tulikuwa hatukosi.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya saa sita, tulikutana nyumbani kwa mwenye zamu. Mwenye zamu alipika chakula cha nchi yake, tukala, halafu akasimulia safari yake. Januari tulikula kwa Mzee Bama wali wa pilipili uliotutoa machozi na kamasi. Februari Ndugu Bulgaria alitupa mtindi, akausifia kana kwamba yeye ndiye aliyeugundua, nasi Wameru tukatazamana. "Mwanangu," Mzee Bama akamwambia, "yaani ulipanda ndege mbili kwenda kunywa maziwa mgando?" Tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Mimi lakini sikuingia klabu kwa ajili ya vyakula, na leo sina sababu ya kuficha. Niliingia kwa ajili ya mdogo wangu. Kitinda mimba wa mama yetu alipata nafasi ya kusomea uhandisi Urusi, na Akheri nzima, kijiji chetu cha mlimani, ilimsindikiza kwa nyimbo za kanisani. Miaka mitatu ya kwanza barua zilikuja. Kisha ile nchi ikavunjika, posho za wanafunzi zikakatika, na barua nazo zikakatika. Miaka miwili hatukusikia lolote. Niliandika ubalozini, niliandika chuoni, kimya. Mama alikuwa anaishi peke yake pale Akheri na ng'ombe wake na migomba yake, na kila nilipopanda kumwona, kabla hajanijibu salamu, alikuwa anatazama mikono yangu kama nimeshika bahasha. Nikaona, hawa watu wa klabu wanapanda ndege, wanazunguka, huenda mmoja atasikia neno. Kila mtu aliyevuka nilimpa jina la mdogo wangu na sura yake: mrefu, mweusi, ana mwanya.

Sasa kuhusu sheria moja ya klabu. Sheria niliitunga mimi, na Mungu anajua. Ndugu Bulgaria kabla ya zamu yake alikuwa ameshaisimulia safari yake yote, kipande mashine ya kusaga, kipande saluni, kipande kwenye foleni ya benki. Siku alipoinuka rasmi, watu walikuwa wanammalizia sentensi. Aibu gani! Nilikasirika, na mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nikasimama nikasema kuanzia leo safari haionjwi kabla ya zamu. Atakayetoa hata neno moja la alichokiona huko, atapikia klabu miezi miwili mfululizo. Wakapiga makofi. Mzee Bama akasema, "Katibu huyu angekuwa sajini wetu, Wajapani wangekimbia mapema." Nikafurahi kusifiwa. Nikaiandika kwa wino mwekundu.

Mwanzoni mwa Machi Bwana Uturuki alirudi kutoka Istanbul. Siku ya pili yake tu alinifuata shuleni. Nilikuwa nasahihisha madaftari chini ya veranda, wanafunzi wako mapumziko. Nikamwona anakuja mbiombio, koti limemkaa upande, uso unameta.

"Dada Ujerumani! Dada, huko nilikokwenda nimekutana na..."

"Wee!" nikamkata. "Ishia hapo hapo. Zamu yako ni Juni."

"Dada, hili si la kungoja."

"Ndivyo wanavyosema wote. Subira yavuta heri, bwana."

Akacheka. Mkono ulikuwa ndani ya koti, akautoa mtupu. "Haya. Nitakaa nalo," akasema. "Lakini siku hiyo utalia, dada, utalia kwa furaha mpaka tukushike."

"Basi nitalia Juni," nikamwambia, nikarudi kwenye madaftari yangu. Nilidhani ameniletea kitambaa. Mara nyingine aliniletea shali, ndiyo maana.

Kengele ikagongwa, nikaingia darasani.

Zamu yangu ilikuwa Aprili. Nyumba yangu ya shule ilikuwa vyumba viwili, kwa hiyo nikaomba klabu ipande Akheri, kwa mama. Pasaka ilikuwa bado wiki mbili na masika yameanza, matope mpaka kwenye kifundo. Nilipika viazi na soseji, na ile kabichi yao ya kuchachusha. Mama akaionja, akaniita pembeni. "Mwanangu, kabichi imeoza, usiwape wageni." Nikamwambia ndivyo inavyoliwa huko. Akatikisa kichwa. "Na mlikuwa mnalipwa kuila?" Siku nyingi sikuwa nimemsikia mama akitania.

Baada ya chakula nilisimama kusimulia Ujerumani yangu, theluji na treni na yale yote. Mama hakusikiliza. Alikuwa anazunguka na birika la chai, na kila aliyemmiminia alimuuliza swali moja kwa sauti ya chini: huko ulikokwenda, hukumwona mwanangu? Alimuuliza mpaka Mzee Bama, ambaye alirudi kutoka vitani kabla mimi sijazaliwa. Mzee akamjibu kwa heshima zote, "Hapana, mama. Sikumwona."

Akafika kwa Bwana Uturuki. Nilikuwa nimesimama mbele, naona kila kitu. Mkono wa Bwana Uturuki ukaenda kwenye mfuko wa ndani wa koti, ukabaki mle, akainua macho akanitazama mimi kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka nje. Na mimi, huku naeleza habari za treni, nikamtikisia kidole.

Akatoa mkono. "Mama," akasema, "Juni njoo kwangu Ngarenaro. Hata kama mvua inanyesha, usikose."

Wageni walipoondoka, mama alikaa jikoni hajagusa vyombo. "Yule wa nguo ana neno," akasema. Nikamwambia, "Mama, yule ni mfanyabiashara, ndivyo anavyowaambia wateja wake wote, njoo kesho utapata." Nilimwambia hivyo nikicheka. Lakini kila nilipopanda baada ya hapo aliniuliza Juni imebaki siku ngapi.

Mama yangu hakuiona Juni. Katikati ya Mei, asubuhi, alikwenda kukata majani ya ng'ombe, na jirani akamkuta amelala kwenye migomba, panga liko mkononi bado. Daktari alisema ni presha. Tulimzika palepale, kati ya nyumba na migomba. Klabu yote ilikuja, na Bwana Uturuki alikaa mbali na wenzake, nyuma kabisa, hakula, hakuongea na mtu. Nikasema moyoni, kumbe huyu alimpenda mama.

Siku ya tatu alirudi. Alikuja na Mzee Bama, na mtu anapokuja kwako na mzee ujue ana kosa. Nikawakaribisha ndani. Mzee Bama akasema, "Binti yangu, kaa chini. Huyu amekukosea, nami nimekuja ili usimfukuze kabla hajamaliza." Bwana Uturuki akatoa bahasha kwenye koti. Ilikuwa imechakaa pembeni kwa kubebwa. Nilijua mwandiko kabla sijaishika.

Alimkuta mdogo wangu sokoni Istanbul, anabeba mizigo ya wafanyabiashara. Kijana alisikia Kiswahili, akaweka mzigo chini akasema shikamoo. Mwenyeji wa wapi? Arusha. Arusha ipi? Akheri. Mrefu, mweusi, ana mwanya. Wakakumbatiana katikati ya watu. Kijana akaandika barua usiku uleule, akaifunga, akasema mpe mama mkononi. Na Bwana Uturuki hakuwa mtu wa kufungua barua ya mwenzake. Hakujua kilichomo. Alichowaza ni zamu yake: mama ameketi mbele, klabu yote ipo, anasimama anasema, safari hii sina hadithi, nina barua.

Nikaifungua. Maneno yake nitayaandika hapa kwa sababu nayajua kwa moyo.

Mama, shule nilishindwa kumaliza, hela ziliisha. Nina nauli ya kurudi, lakini sina kingine chochote, hata zawadi yako sina. Naona aibu kwa watu walionisindikiza. Ukiniambia njoo, nitakuja hivihivi. Baada ya Pasaka wenzangu wanavuka kwenda mbele, Ulaya, na wananiambia twende wote. Nitangoja jibu lako mpaka Pasaka. Usiponijibu nitajua umenikatia tamaa, na sitakulaumu.

Chini yake aliandika anwani ya nyumba aliyopanga.

Siku ile mama alipokuwa anamimina chai, Pasaka ilikuwa bado wiki mbili. Telegramu ya neno moja ingetosha. Njoo. Mama angeshuka mwenyewe posta kwa miguu na matope yake.

Sikulia. Nilimgeukia Bwana Uturuki nikamwambia maneno ambayo hayaandikiki. Nilimwambia ameniulia mama na amenizikia mdogo wangu akiwa hai. Nilimwambia asikanyage tena pale. Mzee Bama alijaribu kunishika mkono nikamsukuma, mzee wa watu. Bwana Uturuki alisimama akapokea yote. Machozi yalimtoka, akawa anasema tu, "Kweli dada. Kweli dada." Nilipochoka kupiga kelele akainama, akaaga, akashuka mlima.

Usiku nikakumbuka veranda. Nikakumbuka kidole.

Bwana Uturuki angeweza kulisema. Maneno machache tu yangemtosha: wewe ndiye uliyeninyamazisha, mara mbili. Mzee Bama yupo pale, shahidi. Hakulisema. Wala hakumwambia mkewe, wala mtu yeyote, maana lingenirudia, mji wenyewe huu. Juni hakukuwa na mkutano. Julai tulikutana bila yeye, na Ndugu Bulgaria akasema mtu aliyekalia barua ya mama wa mtu hafai kuwa mwenzetu. Wakaniangalia mimi, katibu. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema kweli. Nikafungua daftari, nikalikata jina lake. Mpaka Desemba watu walikuwa wanapita mbele ya duka lake hawasalimii, na mimi nilijua, na mikutanoni nilikula wali wao.

Niliandika kwa ile anwani mara tatu. Niliandika mama amekufa lakini njoo, nyumba ipo, ng'ombe wapo, njoo hivihivi. Bahasha ya tatu ilirudi na mhuri nisioweza kuusoma. Nikaelewa kwamba yuko mahali fulani duniani na anaamini mama alisoma barua yake, akaikunja, akakaa kimya. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kufa mama angekufa tu, presha ni presha. Lakini alikufa akiuliza, na mwanawe anaishi akidhani alimkataa.

Mwishoni mwa mwaka nilikwenda Ngarenaro. Nilikuwa nimejipanga, nimeyarudia maneno njia nzima. Duka lilikuwa tupu, alikuwa anakunja mashati. Aliponiona aliacha kila kitu akanivutia kiti.

"Dada. Kijana amejibu?"

"Bado."

Akatikisa kichwa polepole. Akaniambia kwamba tangu Mei ameshakwenda Istanbul mara mbili, na kila mara anakwenda kwanza kwenye ile nyumba, halafu sokoni, anauliza wabebaji mmoja mmoja. Safari ya mwisho alirudi bila nguo za kutosha kwa sababu siku zilikwisha akitafuta. Mkewe analalamika. "Lakini mzigo huu ni wangu, dada," akasema. "Mimi ndiye niliyeichelewesha ile barua. Nikifa sijampata, nitamwambia nini mama?" Jumatatu alikuwa anaondoka tena.

Nikafungua mdomo. Mimi ambaye darasa la watoto sabini linanyamaza nikikohoa tu. Alikuwa ananitazama kwa yale macho yake mapole, hana kinyongo hata chembe, anangoja nimwambie kitu. Yalikuwa maneno mawili tu: nisamehe, kaka.

Nikamwambia, "Safari njema."