Siku Kwaya Ilipokuja Kumwombea Mbwa Wangu

Nacheka sasa kwa sababu aibu ikikaa sana hupoa kama chai, lakini siku ile pale Kakuma ningeona shimo ningeingia mwenyewe bila kusukumwa, na kama mnataka kujua wa kulaumiwa nitamtaja mapema: ni Mama Wambo, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu hapa Lodwar, yeye na simu yake isiyojua kupumzika. (Mimi pia, kidogo.)

Mbwa wangu anaitwa Nakiru. Ni jina la mtu, najua, Waturkana humpa msichana aliyezaliwa wakati wa mvua, lakini huyu mbwa aliingia kwangu mvua ikinyesha, ile mvua ya Lodwar inayokuja mara moja halafu inakusahau, na wakati huo nilikuwa nimetoka tu kukatwa titi Eldoret. Bwana yangu Barasa alikuja hospitali, akaangalia bandeji, akasema anaenda kuninunulia soda, na mpaka leo hiyo soda hajaipata. Mbwa alibaki. Kwa hivyo mtu akiniambia eti huyo ni mbwa tu, mimi namuuliza soda yangu iko wapi.

Basi siku moja namtoa kupe, nikasikia kitu kigumu kwa ziwa lake la nyuma. Mkono ulijua kabla ya kichwa. Nikajidanganya ni jipu, nikangoja, kikakua mpaka kikawa kama tunda la mkoma, ngumi ya mtoto hivi, na jirani yangu Ekai akasimama kwa ua wangu na kunisalimia kwa Kiturkana, "Ejok, mama. Weka chuma kwa moto tuchome hiyo kitu, mbuzi zangu nachoma hivyo." Nikamwambia akachome zake. Nikapiga simu kwa watu wa mifugo, wakaniuliza ni ngamia ama ni mbuzi, niliposema mbwa nikasikia watu wakicheka huko nyuma, lakini mmoja alikuwa na utu, akaniambia kuna daktari wa mifugo anaitwa Kiptoo amekuja Kakuma kuchanja mbwa wasipate kichaa, huyo anaweza kukata, nimpeleke Alhamisi.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Jumapili pasta akauliza nani ana mgonjwa, na mimi nikasimama. Nikisema mbwa watacheka, maana kwetu huombewa ng'ombe, huombewa hata pikipiki mpya, lakini mbwa hapana. Nikasema tu, "Mumkumbuke Nakiru, ako na uvimbe kwa ziwa, Alhamisi anakatwa Kakuma," nikaketi haraka.

Mama Wambo akanigeukia. "Nakiru ni yule mnaishi naye?"

"Ndiye."

"Msichana wa kazi?"

"Ananilindia nyumba." (Si uongo.)

Sikujua kwamba huyo mama, bila kuniuliza, atawapigia simu akina mama wa kanisa dada la kule kambi ya wakimbizi Kakuma, wale wa Sudan Kusini, na mkijua vile hao wanachukulia mambo ya mgonjwa mtanionea huruma kabla sijaendelea.

Alhamisi nikapanda probox na Nakiru mapajani, dereva amenilazimisha nimfunike leso ili abiria wasishuke, na mama mmoja njia nzima ananipa pole ya mtoto. Tukamkuta daktari kwa boma la kuchanjia mbuzi, kijana mwembamba, meza yake ni mlango wa zamani juu ya mapipa mawili, lakini ameutandika nailoni safi na vyuma vyake vimechemshwa. Akaushika ule uvimbe, akauzungusha.

"Unacheza, haujashika nyama ya ndani," akasema. "Mapafu siwezi kuona bila picha, lakini anapumua vizuri. Tukate, mama."

"Na ningemchoma chuma?"

"Angepata kidonda, na uvimbe bado ungekuwepo."

Akamdunga sindano ya usingizi, akamnyoa tumbo. Hapo Mama Wambo akapiga simu: mko wadi gani? Nikamjibu tuko kwa boma la mbuzi, nikakata, mikono yangu ilikuwa na kazi ya kushika kichwa cha Nakiru. Mimi nilikuwa sijawahi kuona kile nilichofanyiwa Eldoret nikiwa nimelala. Siku hiyo nikakiona. Niliomba, na sikumwombea mbwa peke yake.

Daktari anafunga uzi wa mwisho, nasikia wimbo. Nageuka, ni kwaya nzima ya wale akina mama wa kambini, na sare, na thermos, na sufuria ya supu kichwani. Kumbe walikuwa wametoka hospitali, huko wakapata Nakiru mwingine aliyejifungua, wakamwombea na kumwachia sukari, halafu Mama Wambo akawaambia mgonjwa anakatwa bomani. Wakaja na hasira. Mbele ni mmoja wao anaitwa Mama Achol, mrefu kama mlingoti.

"Wewe daktari," akasema, "unakata mtoto wa watu mahali ya mbuzi?"

Kiptoo akaniangalia mimi. Mama Achol akainua ile leso niliyomfunika mgonjwa.

"Nakiru wapi?"

"Ndiye huyu."

"Huyu mbwa."

"Ndiyo, mama."

"Tumefunga tangu jana," akasema polepole. "Hata maji."

Wachunga mbuzi walikuwa wamejaa kwa ukuta wa boma, mmoja anarekodi na simu, na hiyo video yake ilifika Lodwar kabla yangu. Hapo sasa usingizi ukamwisha Nakiru, akainua kichwa cha ulevi, akalia ile sauti ndefu ya mbwa akitazama mbingu, na mama mmoja wa kwaya akasema, "Huyo ameshika sauti ya pili." Wakacheka mpaka sufuria ikashushwa chini.

Mama Achol peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia kile kinyama ndani ya beseni.

"Itarudi?" akamuuliza daktari.

"Inaweza. Lakini ikitolewa mapema, wengi wanapona."

Akaniuliza mimi nilijuaje. Nikajipiga kifuani, upande ulio tambarare. Akanishika mkono, akanivuta nyuma ya ukuta, akauingiza chini ya sare yake, na hapo karibu na kwapa nikasikia kitu kama ushanga mkubwa.

"Hata bwana yangu hajui," akasema. "Mimi nasikia ukikatwa, unakufa."

"Mimi nimekatwa. Nakiru amekatwa. Hebu tafuta maiti hapa."

Sikurudi Lodwar siku hiyo. Nililala kwake, Nakiru mlangoni na nyuzi zake, na asubuhi nikampeleka Mama Achol hospitali nikiwa nimemshika mkono, maana mara mbili alitaka kurudi nyumbani. Ameshakatwa. Juzi alinipigia akiwa amemaliza dawa, sauti yake imejaa, ananiuliza mbwa anakula nini.

Nakiru amenenepa. Mama Wambo bado sijamsamehe, na ile video bado inazunguka, watoto wa sokoni wakiniona wanalia kama mbwa. Wacha walie. Ila nimeapa: sitasimama tena kanisani kuombea mgonjwa kabla sijasema ana miguu mingapi.