Kituo cha Kadibodi

Sina haja ya kuzunguka: kituo cha zimamoto cha Chaka kinaniuma. Kila nikipita nikielekea Nanyuki najifanya natazama upande wa pili, halafu jicho linanisaliti. Ni kizuri. Milango ni mipana, mnara wa kukaushia mipira ya maji umesimama wima, na kuta ni za mawe ya kwetu. Lakini changu kingekuwa kizuri zaidi.

Tulikuwa wasanifu majengo wawili tulioitwa kuwaonyesha watu wa mji kazi zetu, nao wachague. Mwenzangu nilisoma naye darasa moja, mtu wa tabasamu nyingi na penseli ya kawaida. Mimi ni mzaliwa wa Chaka. Mama yangu anauza viazi pale sokoni, na nilitaka jambo moja tu: siku moja anyooshe kidole awaambie wenzake, kile ni cha msichana wangu.

Nilitundika michoro yangu katika ukumbi wa kanisa. Magari yangu yaliingia kwa nyuma na kutokea mbele bila kurudi rivasi, jambo ambalo mwenzangu hakuliwaza hata ndotoni. Watu, mama akiwa kati yao, walinisikiliza kwa heshima. Kisha yeye akafunua kadibodi yake: kituo kizima, kidogo, na mbele yake soko letu, kila mama amekaa mahali pake. Kumbe alikuwa amepita huko akiwachora mmoja mmoja. Mjanja yule!

"Mami, kuja uone!" mama akaniita kwa jina lake la kunidekeza. "Hii mwavuli ya njano si ni yangu? Ati huyu ni mimi!"

"Ni wewe kabisa, Mama," mwenzangu akamwambia. "Hapo gari ikitoka haitakusumbua."

Chema chajiuza, husema wahenga. Siku hiyo kilichojiuza ni mwavuli wa karatasi. Mwenyekiti wa mkutano alipouliza nani anataka kituo cha kadibodi, mkono wa mama ulitangulia mikono yote. Nilitamani paa livuje papo hapo, liloweshe soko lake lote.

Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa hupigiwa vigelegele vitano, wa kike vitatu. Mimi nilipigiwa vitatu. Wanawake wakasimama, mama akiwa mbele, wakaanza kukishangilia kituo cha mwenzangu, nami nikahesabu: kimoja, viwili, vitatu. Nikaomba waishie hapo. Mama akavuta pumzi, akaendelea mpaka cha tano.