Mtani Aliyemlisha Bibi

Moshi wa korosho zinazokaangwa huwasha macho na kuacha ladha ya mafuta kooni, na msimu ule kijiji chetu karibu na Newala kilinuka hivyo tangu asubuhi. Soko lilikuwa limefunguliwa, malori ya wanunuzi wapya yalipishana, na Babu alikuwa amejinunulia koti la mtumba mnadani Masasi, koti zito la watu wa nchi za baridi, akalivaa hata juani. Alilivaa wiki tatu tu, akafariki. Baada ya mazishi Bibi alikaa mkekani, akakataa chakula siku ya kwanza, ya pili, hadi ya tatu. Majirani walileta ugali wa muhogo na kisamvu, wakambembeleza kwa sauti za chini, naye akawashukuru na kusukuma sahani pembeni. Nilikuwa na miaka tisa, na niliogopa kweli kwamba naye angetufia.

Siku hiyo ya tatu akaja Mama Zainabu, Myao kutoka Lisekese, upande wa Masasi, mtani wetu. Alilitwaa lile koti msumarini, akalivaa, akatembea mbele ya Bibi ameshika kiuno kama Babu, akilalamika kwamba ugali umepoa na mkewe amekuwa mvivu. Damu ilinichemka. Nilimrukia, nikavuta mkono wa koti hadi mshono ukaachia, kwani hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo.

"Mwache, mjukuu wangu," Bibi alisema, midomo ikimcheza. Akamgeukia mtani. "Na wewe mwongo. Marehemu hakulalamikia ugali hata siku moja. Alilalamikia chumvi."

Mama Zainabu akaketi, akamega tonge, akaapa kwa sauti nzito ya Babu kwamba chumvi haimo, akamsogezea Bibi sahani. "Mama Rashidi, hebu onja mwenyewe."

Bibi akaonja. Akacheka, machozi yakamtoka, akamega tena. Nilifurahi mno, hata aibu ya koti nikaisahau.

Siku hizi naishi Masasi mjini, na misiba yetu ina maturubai, viti vya kukodi na wali mzuri. Tunatoa pole, kisha tunazungumza mengine, tukikwepa jina la marehemu tusije tukamuumiza mfiwa. Sidharau, maana kuja kwenyewe ni upendo. Ila mimi huketi karibu na mfiwa, nikamwuliza habari za marehemu, alipenda nini na alinunia nini. Wengine hunishangaa. Lakini mfiwa huanza kusimulia, na mara nyingi kabla hajamaliza huomba maji, halafu chakula.