Vigae vya Buluu Vilivyonivua Nguo Kanisani

Mkasa huu sijamsimulia hata mke wangu, kwa hiyo mkicheka, chekeni polepole, maana bado naona aibu.

Tulikuwa tumerudi Uvira kutoka ukimbizini Burundi, uasi umepita, nyumba nyingi zimebaki kuta tu, nami nikaenda kwa Fundi Bahati kujifunza kutengeneza picha za ukutani kwa vigae na vioo (unavunja vipande kwa koleo, unavipanga, unavigandisha kwa saruji, na vidole havikauki damu). Kazi yangu ya kwanza ilikuwa picha ya ziwa kwa kanisa letu. Chupa za bia zilinipa kijani, bafu la nyumba iliyoungua likanipa nyeupe, lakini buluu sikuwa nayo, na ziwa bila buluu ni nini?

Fundi alikuwa ameniambia nisiokote kitu bila kuuliza wenyeji. Mimi, kichwa kigumu, nikaona vipande vya sahani ya buluu majanini kando ya njia ya Runingu, vimechomekwa ardhini kwa duara (hilo duara lingetosha kunishtua, lakini akili nilikuwa nimeiacha wapi sijui), nikaving'oa vyote nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Jumapili picha ikafunuliwa, watu wakapiga makofi, nikavimba kichwa. Ndipo jirani yetu, Mama Nabintu, akasogea akaligusa ziwa langu.

"Weye, hii buluu uliitosha wapi, uliipata wapi?"

"Nilinunua Bujumbura, mama." (Kanisani, naongopa bila hata kupepesa macho.)

"Hapana. Hii ni sahani ya mutoto wangu. Alikufa mu njia tukikimbia. Niliivunja, nikapanga vipande ku kaburi, nipate kujua fasi alilala. Tangu turudi niko natafuta iyo kaburi, siioni."

Nikaungama hapohapo, kisha nikamwongoza hadi kule, nusu ya waumini nyuma yetu. Tangu siku ile majani yalikuwa yameota hadi kifuani. Nikaonyesha hapa, nikasita, nikaonyesha pale, nikarudi hapa.

"Ni wapi?" akauliza.

"Mama, sijui tena."

"Basi nitalia fasi zote mbili."

Kesho yake nilibandua buluu yote nikaichomeka kule, nusu hapa nusu pale. Tangu hapo siokoti hata kipande cha chungu kabla sijauliza mwenyewe ni nani. Mama Nabintu alipalilia pote pawili hadi alipofariki.