Misumari ya Mama Funguo

Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba karibu na mapokezi ya hospitali, chenye dirisha dogo la kupokelea watu na ubao uliojaza ukuta mzima. Ubaoni kulikuwa na misumari mia mbili na kumi na miwili ya kutundikia funguo za hospitali, na chini ya kila mmoja namba aliyoiandika kwa mkono wake. Wote walimwita Mama Funguo, hata mumewe nyumbani alipotaka kumtania.

Kanuni moja aliitunga mwenyewe, akaisimamia miaka ishirini na mitatu: ikifika saa kumi jioni, msumari mtupu unaandikiwa barua kwa katibu wa hospitali, na aliyechukua ufunguo anajieleza. Tangu barua zianze, misumari ilijaa. Alijivunia hilo.

Wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu alifanya jambo ambalo hakuna mkaguzi aliyewahi kulifanya, maana wakaguzi huhesabu tu. Alizunguka majengo yote akijaribu kila ufunguo mlangoni mwake. Siku ya tatu magoti yalikuwa yamevimba, na daftarini alikuwa na funguo kumi na moja zisizofungua mlango wowote. Mmojawapo ulining'inia kwenye msumari wa chumba cha jenereta, inayotegemewa na chumba cha upasuaji umeme ukikatika.

Akamwita fundi wa jenereta dirishani.

"Huu ni wa nini?"

Fundi akaugeuzageuza, akacheka kwa aibu. "Wa kufuli ya baiskeli, mama. Baiskeli yenyewe iliibiwa mwaka juzi."

"Na wa jenereta?"

"Uko nyumbani, juu ya kabati. Naubeba mara moja kwa mwezi, siku ya kuijaribu. Watoto hawaufikii kabisa. Usalama mia kwa mia."

"Usalama! Mgonjwa yuko mezani, taa zimezima, tuje kupanda kabati lako?"

"Sasa ningefanyaje, mama? Nilisahau kuurudisha siku moja. Msumari mtupu una barua. Msumari wenye kitu hauna."

Barua zile alizibuni Mama Funguo mwenyewe.

"Kesho asubuhi uwe hapa nao," alisema mwishowe.

Akapanda kwa katibu na fomu ya makabidhiano.

"Misumari mia mbili na kumi na miwili, funguo hivyohivyo," katibu alisema. "Kinachokusumbua nini? Weka saini, Ijumaa ukapumzike."

"Nikiweka saini nimesema zote zinafungua. Likitokea la kutokea, jina langu ndilo lililoko pale."

"Mama, usinitafutie kazi wiki ya mwisho."

"Na wa ofisi yako pia haufungui, mheshimiwa. Namba moja. Pale pananing'inia ufunguo wa kabati lililotupwa zamani."

Katibu akapapasa mfuko wa suruali, kisha akajifanya anatafuta kalamu.

Aliporudi aliziondoa ubaoni zote kumi na moja zisizofungua. Saa kumi akaandika barua kumi na moja, ya katibu ikiwa ya kwanza, akampelekea mwenyewe.

Siku mbili watu walimnunia. Muuguzi mkuu alitupa ufunguo dirishani bila salamu. Wa katibu uliletwa na tarishi, ndani ya bahasha iliyogandishwa kwa gundi. Ijumaa mchana zilikuwa zimerudi kumi. Fundi hakuonekana tangu siku ile. Alituma salamu kwamba anaumwa, kisha akazima simu.

Mrithi wa Mama Funguo, mama aliyehamishwa kutoka chumba cha mashuka, alisimama kando akimtazama akiandika: "Nakabidhi funguo mia mbili na kumi na moja. Namba 88, jenereta: msumari mtupu." Akatia saini.

"Uache hivyohivyo mpaka ufunguo wenyewe urudi," alimwambia mwenzake, mara mbili.

"Nimeelewa, dada."

Alifika getini akakumbuka miwani. Aliporudi, kwenye namba 88 kulining'inia kiufunguo cheupe cha sanduku la safari.

"Nimeuziba kidogo tu, dada," mwenzake alisema harakaharaka. "Saa kumi inakaribia. Siku ya kwanza tu, nianze na barua?"

Mama Funguo akakitoa, akamwekea kiganjani. Kisha akachukua bunda lote la karatasi za barua, akalitia mkobani.

"Barua zimekwisha," alisema. "Msumari ukiwa mtupu, mtafute aliyeuchukua. Anza na fundi. Mpigie mpaka apokee, asipopokea mtume mtu nyumbani kwake sasa hivi."

Akatoka, na miwani akaiacha tena.